KUSOKOTA UZI KWA KIJITI: KAZI YAKE NA HESABU YAKE

Katika ziara za ukaguzi za hivi karibuni nimeulizwa mara kwa mara swali ambalo zamani halikuwamo kabisa katika maswali ya makatibu. Vikundi vya wanachama, hasa akina mama wa vyama vya msingi vya wakulima wa pamba, wanaomba chama chao kinunue uzi watakaousokota wenyewe kwa mkono. Wameona shuka na vitambaa vilivyofumwa kwa uzi wa namna hiyo vikiuzwa kwa bei kubwa mjini na kwa wageni, nao wanasema: pamba ni yetu, mikono ni yetu, kwa nini tuishie kwenye kuuza pamba mbegu? Swali hilo ni la haki, na katibu asilipuuze. Lakini kabla ya kulipeleka mbele ya mkutano mkuu yampasa aifahamu kazi yenyewe, kwa kuwa ni kazi inayomeza saa nyingi kuliko mtu anavyodhani akimtazama msokotaji hodari kwa dakika tano.

Jinsi uzi unavyoshikana

Chukua pamba kidogo iliyokwisha kutolewa mbegu, uivute polepole kwa vidole. Nyuzinyuzi zitateleza na kuachana, nawe utabaki na manyoya mkono huu na manyoya mkono ule. Ivute tena, safari hii ukiisokota huku unaivuta. Mara utaona kamba nyembamba inatokea, na haikatiki kwa urahisi. Siri yote ya uzi imo humo. Kila unyuzi wa pamba yetu una urefu wa milimita 25 hadi 30 hivi. Uzi wa mita mia umejengwa kwa vipande hivyo vifupi vinavyopokezana, wala hakuna gundi wala fundo linalovishika ila msokoto tu. Msokoto huzibana nyuzinyuzi zikwaruzane, na kadiri uzi unavyovutwa ndivyo zinavyozidi kubanana.

Kamba ya katani hufuata kanuni hiyo hiyo. Ila unyuzi wa katani aghalabu hufika mita moja, na kwa hiyo mtu huweza kuusokota pajani kwa kiganja akapata kamba imara bila chombo chochote. Pamba haitoi nafasi hiyo. Kwa kuwa ni fupi inataka mizunguko mingi kwa kila sentimita, na vidole peke yake huchoka upesi. Hapo ndipo kinapoingia kijiti cha kusokotea.

Kijiti hiki ni kitu rahisi mno. Ni mti mwembamba ulionyooka, unene wa penseli au chini yake, urefu wa sentimita 20 hadi 30, ambao karibu na ncha moja umechomekwa kisahani cha duara chenye tundu katikati. Kisahani chaweza kuwa cha mti, cha kipande cha kibuyu, cha udongo uliochomwa, au kigae cha chungu kilichosuguliwa hadi kikawa mviringo. Kazi yake ni ile ya gurudumu zito la mashine: kikishashika mwendo hakiuachi upesi. Msokotaji hufunga uzi wa kuanzia kwenye kijiti, akaushikiza kwenye pamba aliyoshika mkono wa kushoto, akakizungusha kijiti kwa vidole vya mkono wa kulia na kukiachia kining'inie. Kijiti kinazunguka na kushuka. Vidole vya juu vinavuta pamba kidogo kidogo na kuachilia msokoto upande. Kikifika chini, uzi huzungushwa kwenye mti wake, na kazi huanza upya. Sifa yake kubwa ni kwamba hakihitaji mahali. Mchungaji husokota akifuata mifugo, na mama husokota akingoja zamu yake kisimani.

Uzito wa kisahani ni jambo ambalo walimu wengi wa kujitolea hulipita haraka, nao ndio chanzo cha machozi ya wanafunzi. Sufi ya kondoo ina nyuzinyuzi ndefu, hivyo hustahimili kijiti cha gramu 30 au 40 kikining'inia. Pamba haistahimili. Ukiitundikia kijiti kizito, uzi hukatika kabla haujapata msokoto wa kutosha, kijiti huanguka, na msokotaji hudhani mikono yake ndiyo mibovu. Kwa pamba, kijiti kizima na kisahani chake kisizidi gramu 20 hivi. Na kwa uzi mwembamba ni heri ncha ya chini isining'inie kabisa, bali isimame ndani ya kifuu cha nazi au kigae chenye shimo, ikizunguka humo kama pia ya watoto. Uzi hapo haubebi uzito wowote.

Neno moja zaidi kuhusu upande wa kuzungusha. Kijiti kikizungushwa kwenda kulia, mshazari wa uzi hufuata mstari wa katikati wa herufi Z. Kikizungushwa kwenda kushoto, hufuata ule wa herufi S. Upande wowote unafaa, ila kikundi kizima kichague mmoja. Uzi wa pande mbili tofauti ukiunganishwa kuwa uzi wa mikunjo miwili, mmoja hukazika na mwingine hufunguka, na mfumaji huurudisha wote.

Kazi hii si ngeni kwetu

Wako wanaosema kwamba kusokota ni jambo lililoletwa na wafadhili. Hao hawajatazama ardhini. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa, wakiongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960, walikuta visahani vya kusokotea vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu. Vya namna hiyo vimeonekana mahali pengine pwani, na hata Zimbabwe Kuu. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hadi Misri. Wareno walipoivamia Kilwa mwaka 1505, aliyeandika habari za safari ile alitaja pamba njema iliyopandwa kisiwani. Na Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne hiyo hiyo ya 16, aliandika jambo la ajabu kuhusu wafumaji wa Sofala: walikuwa na uzi wao mweupe, lakini kwa kukosa rangi walifumua nguo za buluu zilizotoka Cambay, India, wakachanganya uzi huo na wao wakafuma upya. Mtu anayefumua nguo nzima ili apate uzi wa rangi anafahamu uzi una thamani gani.

Huko bara, wasafiri wa karne ya 19 walikuta nguo nzito za pamba zikifumwa Ufipa na Unyamwezi. Kilichoua kazi ile ni bei. Kuanzia miaka ya 1830, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, merikani ilimiminika Zanzibar na kupenya bara pamoja na misafara. Baadaye zikaja nguo za viwanda vya Bombay. Uzi wa kijiti haukushindwa kwa ubovu, maana nguo za Ufipa zilisifika kwa kudumu. Ulishindwa kwa saa. Jambo hilo ndilo nitakaloliendeleza hapa chini, kwa kuwa halijabadilika hata kidogo.

Hesabu ya saa

Tuchukue shuka moja ya upana wa mita 1 na urefu wa mita 2, iliyofumwa kwa nyuzi 10 kwa kila sentimita, kwa mtande na kwa mshindio. Mtande una nyuzi 1,000 za mita 2 kila mmoja, yaani mita 2,000. Mshindio unapita mara 2,000, kila mara mita 1, yaani mita 2,000 nyingine. Jumla ni mita 4,000, bila kuhesabu miisho inayokatwa na kutupwa kwenye kitanda cha mfumi. Uzi wa mkono wa unene wa wastani una uzito wa gramu 10 kwa mita 100. Shuka nzima basi ni gramu 400.

Gramu 400 za pamba safi si kitu. Kilo moja na robo ya pamba mbegu inazitoa, maana theluthi moja hivi ya uzito wa pamba mbegu ndiyo nyuzi na inayobaki ni mbegu. Tazama sasa saa. Katika majaribio yaliyofanywa Denmark na wataalamu wa nguo za kale, kwa sufi na vijiti vyepesi, wasokotaji waliozoea walipata kati ya mita 35 na 50 kwa saa. Tukiweka mita 40, shuka moja inataka saa 100 za kusokota. Msokotaji anayepata saa 4 kwa siku, baada ya shamba na maji na kuni, atatumia siku 25. Mfumaji akishapata uzi wote na kuutanda ataimaliza shuka kwa siku chache. Kwa sababu hiyo, katika nchi zote zilizofuma kabla ya mashine, mfumaji mmoja alilishwa na wasokotaji wanne au zaidi; na kwa sababu hiyo hiyo Uingereza, mashine zilizoleta mageuzi makubwa, kuanzia ile ya James Hargreaves ya mwaka 1764, zilikuwa za kusokota.

Wanahistoria wa viwanda wamekadiria kwamba msokotaji wa mkono wa India katika karne ya 18 alihitaji zaidi ya saa 50,000 kusokota ratili 100 za pamba, yaani kilo 45, kwa uzi mwembamba. Mashine za mwaka 1825 zilihitaji saa 135 kwa kazi hiyo hiyo. Katibu asome tarakimu hizo mbili mara mbili kabla hajaahidi wanachama kwamba watashindana na kiwanda.

Tuseme kikundi kimeamua kwamba saa moja ya msokotaji isipungue shilingi 600. Fungu la mita 100 linachukua saa mbili na nusu, kwa hiyo bei yake ni shilingi 1,500. Shuka yetu inataka mafungu 40: shilingi 60,000 kwa kusokota peke yake. Bado hatujalipa pamba, uchambuaji, rangi, mfumaji, usafiri wala ushuru wa chama. Shuka hiyo haiwezi kuuzwa chini ya shilingi laki moja bila mtu fulani kupunjwa, na kwa kawaida anayepunjwa ni msokotaji, kwa vile saa zake hazionekani. Je, yuko mnunuzi wa bei hiyo? Wako, lakini ni wachache, nao hununua kwa sababu ya mkono na asili ya kitu. Mwanakijiji anayetaka nguo ya kujifunika ataendelea kununua ya kiwandani, naye hana kosa.

India inatufundisha jambo hapa. Mahatma Gandhi alihimiza kusokota kama sehemu ya kupigania uhuru. Umoja wa Wasokotaji wa India Nzima uliundwa mwaka 1925, na katika shule za mpango wa Wardha wa mwaka 1937 watoto walitumia kijiti kidogo kiitwacho takli. Kazi hiyo ingali hai. Lakini imeishi kwa kusaidiwa na serikali, na wasokotaji wengi huko wamekwisha kuhamia kwenye magurudumu. Chama chetu kisicho na msaada wa namna hiyo kinapaswa kuanza kidogo. Ningeshauri vilevile kwamba kijiti kitumike kufundishia na kwa saa ambazo mikono ingekuwa bure. Kikundi kikikomaa, fundi seremala hushindwa nadra kutengeneza gurudumu la kusokotea kwa rimu ya baiskeli, na gurudumu huongeza uzi mara kadhaa kwa saa ile ile.

Kununua kwa kilo ni kununua hasara

Miaka kadhaa iliyopita nilikuta katika ghala la chama kimoja, ambacho sina haja ya kukitaja, magunia matatu ya uzi wa mkono. Chama kiliununua kwa kilo, kama kinavyonunua mazao mengine. Uzi wenyewe ulikuwa mnene kama kamba ya viatu sehemu moja na mwembamba kama unywele sehemu nyingine, umejaa vipande vya mbegu. Mfumaji aliukataa. Fedha zilizotumika zilitoka kwenye akiba ya chama, na akina mama walioleta awamu ya pili walikuwa hawajalipwa. Wao walisema, na walisema kweli, kwamba walitimiza walichoambiwa: walileta kilo.

Kosa lilikuwa la kipimo. Anayelipwa kwa kilo hana sababu ya kusokota mwembamba, kwa kuwa uzi mnene hujaza mizani mapema. Zaidi ya hayo pamba hunywa unyevu wa hewa. Katika biashara ya kimataifa huruhusiwa asilimia 8.5 juu ya uzito mkavu. Uzi uliolala usiku mmoja karibu na mtungi hupata uzito ambao hakuna aliyeusokota. Simlaumu mtu yeyote kwa uzi wenye unyevu wakati wa masika, ila mizani haijui masika.

Uzi ununuliwe kwa urefu, na uzito utumike kama kipimo cha kukagua unene. India hufanya hivyo: uzi wa khadi huhesabiwa kwa mafungu ya mita 1,000. Kwa kijiti fungu la mita 100 linatosha. Seremala atengeneze kiunzi cha kukungia chenye mzunguko wa mita 1 kamili, upimwe kwa utepe mbele ya wanakikundi wote. Mizunguko 100 ni fungu moja. Lifungwe kwa uzi wa rangi mahali pawili lisitatizike, kisha lipimwe. Fungu la gramu 9 hadi 11 linakubaliwa kwa bei kamili. La zaidi ya gramu 11 ni nene. Chama kikitaka kilinunue kwa mshindio wa mazulia kwa bei nyingine iliyotangazwa mapema. La chini ya gramu 9 halikosi thamani, lakini halifai kuchanganywa na mengine, nalo liwekwe kando kwa ajili ya kazi ya mtande mwembamba.

Mizani ya kununulia pamba haioni gramu 10. Kama chama hakina mizani ndogo, pima mafungu 10 kwa pamoja, yafike gramu 100 au karibu yake, kisha yatazamwe moja moja kwa jicho na kwa kidole ili mazito yasijifiche nyuma ya mepesi. Mizani yoyote inayotumika kulipa watu sharti iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Jambo hili nimelirudia katika taarifa nyingi za ukaguzi, nami sichoki.

Daftari la pamba na uzi

Pamba inayotolewa kwa wasokotaji ni mali ya chama mpaka irudi ikiwa uzi. Hii ndiyo sababu daftari lake lifuate mtindo wa ghala, wala lisiwe daftari la mahudhurio. Kila msokotaji awe na ukurasa wake, wenye tarehe, uzito wa pamba aliyopewa, idadi ya mafungu aliyorudisha, uzito wa mafungu hayo, uzito wa taka alizorudisha, na tofauti. Taka zirudishwe, nyingine zinafaa kujazia mito, nazo zinafunga hesabu.

Mfano: mwanachama amepewa gramu 500 za pamba safi. Amerudisha mafungu 42 yenye uzito wa gramu 428, na taka gramu 60. Jumla ni gramu 488. Gramu 12 zilizopungua ni vumbi na ukavu, na hazimsumbui mkaguzi. Lakini kama jumla ya alivyorudisha ingekuwa gramu 520, kuna kitu kimeongezeka njiani: ni maji, au ni pamba nyingine. Na kama pungufu lingekuwa gramu 100, pamba imebaki nyumbani. Katika hali zote mbili katibu amwite mwenyewe, waipime tena pamoja baada ya uzi kuanikwa siku moja kivulini, kabla jambo halijafika kwenye kamati. Mara nyingi litaishia hapo.

Malipo yaandikwe kwa mafungu yaliyokubaliwa, bei yake, na saini au alama ya dole gumba la msokotaji. Akina baba wanaokuja kupokea malipo ya wake zao wasilipwe bila barua ya mwenyewe. Najua jambo hili huleta maneno barazani, lakini daftari lina jina la aliyesokota.

Kutayarisha pamba

Chama kinachotaka uzi mzuri kisiwape watu pamba iliyokwisha kubanwa katika robota. Imekandamizwa mno, na kuifumua kwa mkono ni kazi juu ya kazi. Ile inayotoka kinuni kabla ya kubanwa inafaa zaidi. Kikundi kidogo chaweza kuchambua kwa fimbo laini ya chuma inayoviringishwa juu ya jiwe la bapa: nyuzinyuzi hupita upande wa pili, na mbegu huruka nyuma. Baadaye pamba hupigwa kwa ugwe wa upinde mdogo hadi ikawa kama povu, kisha hukunjwa juu ya kijiti kuwa mkunjo mrefu wa unene wa kidole, na kutoka katika mkunjo huo ndipo msokotaji huvuta. Asilimia kubwa ya vinundu tunavyoviona katika uzi huzaliwa hapa, mahali ambapo watu huharakisha ili wafike kwenye kusokota.

Uzi ukishatoka kwenye kijiti huwa na hasira. Ukiulegeza hujikunja wenyewe. Ulowekwe katika maji ya moto, uanikwe ukiwa umevutwa kwa kitu chepesi, nao utatulia. Uzi wa mtande upakwe uji mwepesi wa muhogo au wa mahindi kabla ya kutandwa, la sivyo utachanika unapokwaruzana na wenzake. Kwa sababu ya uji huo panya huupenda kuliko uzi mwingine, na wafumaji wengi husubiri hadi siku ya kutanda ndipo waupake.

Kabla ya kutoa shilingi ya kwanza

Kusokota na kuuza uzi ni shughuli mpya. Kama haimo katika masharti ya chama, masharti yarekebishwe na mkutano mkuu na kupelekwa kwa Mrajis kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, ndipo fedha zitumike. Mkopo wowote uwe ndani ya ukomo wa madeni uliopitishwa. Kwa vyama vya pamba iko tahadhari nyingine: ununuzi wa pamba mbegu unasimamiwa na Bodi ya Pamba, hivyo chama kiulize kwanza kwa maandishi namna kikundi kitakavyopata pamba yake, mtu asije akakutwa na pamba nyumbani nje ya msimu akaambiwa ni ya magendo.

Zaidi ya yote, mnunuzi apatikane kwanza. Mkataba useme idadi ya mafungu kwa mwezi, uzito unaokubaliwa, upande wa msokoto, bei, na siku ya kulipa. Mnunuzi anayesema "leteni tu, tutaona" hajanunua kitu. Kwa kikundi cha wasokotaji 10 wenye saa 4 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, hesabu yetu inatoa mafungu 320 kwa mwezi, yaani uzi wa shuka 8. Katibu asiweke saini chini ya ahadi ya shuka 30 kwa sababu mnunuzi ana gari zuri. Mwezi wa kwanza na wa pili, wakati mikono ingali inajifunza, akiweka shuka 3 atakuwa salama.

Uzi unaongoja kuchukuliwa utundikwe kwenye waya, mbali na ukuta na sakafu, kila fungu likiwa na kibandiko chenye namba ya msokotaji na tarehe. Siku ya kusaini mkataba, fungu moja lililokubaliwa na pande zote mbili likatwe vipande viwili, kila kipande kitiwe katika bahasha yake, na bahasha zote mbili zitiwe saini na mnunuzi pamoja na mwenyekiti wa chama. Moja ichukuliwe na mnunuzi, na ya pili ifungiwe katika kasha la chama. Ukitokea ubishi juu ya unene wa uzi, bahasha hizo mbili ndizo zitakazofunguliwa mezani.